DHAMANA YA BENKI KARANI AIBAPO AMANA YA MZEE

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo lisilo geni masikioni mwa mtu yeyote hapa, ingawa makarani wenyewe hulinena kwa nadra. Jambo lenyewe ni hili: karani wa benki aibapo fedha za mteja mzee, hasara ni ya nani?

Wengi watajibu upesi kwamba hasara ni ya mwizi, naye afungwe. Jibu hilo ni la haki, walakini halitoshi. Kifungo cha mwizi hakimlishi aliyeibiwa. Mara nyingi karani akamatwapo fedha zimekwisha kutumika, naye hana nyumba wala shamba la kuuzwa ili deni lilipwe. Basi wabaki wawili, na katika hao hakuna aliyeiba: upande mmoja benki, upande wa pili mzee. Mmoja wao hana budi kubeba hasara. Twataka leo kuchungua ni yupi, ni kwa sababu gani, na sisi makarani yatuhusu nini.

Kwanza tumtazame mzee mwenyewe. Ni mstaafu apokeaye pensheni, au mjane aliyeuza kahawa ya shamba la marehemu mumewe, au baba ambaye watoto wake walio mbali humpelekea fedha za matumizi. Haji benki mara kwa mara. Macho yake yamepungua nguvu, na pengine hakujaliwa kusoma. Hutia alama ya dole gumba mahali aonyeshwapo. Humwita karani "mwanangu", na karani humwitikia "naam, mama". Akiambiwa, "Tia dole hapa," hutia. Akiambiwa, "Tia tena, ya kwanza haikutoka vizuri," hutia tena, asijue kwamba karatasi ya pili ni ya kutoa fedha nyingine. Siku hizi benki nyingi hupeleka habari katika simu ya mkononi kila fedha zitokapo. Lakini karani mwovu huanza kwa kubadili namba ya simu iliyoandikwa, habari zikaenda kwingine. Tena karani ndiye ajuaye hesabu ipi imelala miaka mingi bila kuguswa. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa nje huvunja mlango. Huyu amekabidhiwa ufunguo.

Sasa tuiendee sheria. Kule Uingereza, karibu na mwaka 1700, Jaji Mkuu Holt aliamua shauri la mnunuzi wa hariri aliyedanganywa na wakala wa mwuzaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Alisema kwamba, maadamu mtu mmoja hana budi kupata hasara kwa udanganyifu ule, yafaa zaidi impate yule aliyemwajiri mdanganyifu na kumwamini kuliko mtu wa nje. Hoja hii ndiyo mzizi wa yote tutakayoyasema.

Mwaka 1867 likaja shauri la Barwick juu ya benki iliyoitwa English Joint Stock Bank. Meneja wa benki hiyo alimpa Barwick ahadi ya malipo ili aendelee kumpa nafaka mteja mmoja wa benki, naye akaficha kwamba mteja yule alikuwa akidaiwa na benki fedha nyingi mno. Mahakama iliamua kwamba benki yaweza kushtakiwa kwa hila ya meneja wake. Lakini kwa kuwa hila ile iliifaa benki yenyewe, watu wengi walishika kwamba tajiri, yaani mwenye kazi, hulipa pale tu udanganyifu wa mtumishi unapompa yeye faida. Kwa maoni hayo karani aliyeiba kwa ajili ya mfuko wake mwenyewe angemwacha tajiri wake salama, kwani tajiri angesema, "Mimi sikufaidi hata senti moja." Maoni hayo yalikaa miaka arobaini na mitano.

Aliyeyavunja alikuwa mjane. Jina lake Bibi Emily Lloyd, naye alikuwa na nyumba ndogo mbili pamoja na fedha alizokuwa amezikopesha kwa rehani. Alipoona kwamba mapato yake hayatoshi, alikwenda katika ofisi ya mawakili Grace, Smith & Co. ya Liverpool kutaka shauri. Hakuonana na wakili. Alionana na karani mkuu wa ofisi, ambaye ndiye aliyeachiwa kazi ya mauzo ya nyumba bila kusimamiwa. Karani yule alimshauri auze nyumba na kuidai ile fedha ya rehani, kisha akampa hati mbili azitie sahihi. Mjane alizitia sahihi bila kuzisoma wala kuelezwa maana yake. Kumbe hati ya kwanza ilimpa karani zile nyumba, na ya pili ikampa ile rehani. Karani akageuza vyote kuwa fedha, akazila.

Mahakama ya kwanza ilimpa mjane haki yake. Mahakama ya Rufani ikamnyang'anya, kwa hoja ile ile kwamba tajiri hakupata faida. Mwaka 1912 Baraza la Lords, lililokuwa baraza la juu kabisa la hukumu, likamrudishia. Waamuzi walisema kwamba faida ya tajiri si kipimo. Kipimo ni hiki: je, mtumishi alitenda hila ile katika kazi ile ile aliyowekwa kuifanya kwa niaba ya tajiri wake? Ofisi ilimweka karani yule kuwapokea watu na kuwatengenezea hati; mjane aliingia mlango wa ofisi, akaketi mbele ya mtu wa ofisi, akaiamini ofisi. Basi ofisi ilipe. Tena tuangalie kwamba kutosoma kwake hakukumnyima haki.

Huenda mtu akauliza, hukumu za Uingereza zatuhusu nini? Zatuhusu. Amri ya mwaka 1920 iliingiza katika Tanganyika kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, na tarehe hiyo ingali imeandikwa katika sheria ya Tanzania. Hukumu ya Bibi Lloyd ilikuwa imekwisha kutolewa miaka minane kabla yake.

Zaidi ya hayo, sahihi ya kughushi si sahihi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 ihusuyo hawala na hundi, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zimefuata mfano wake, yasema kwamba sahihi iliyoghushiwa haina nguvu yoyote. Benki iliyotoa fedha kwa hundi yenye sahihi ya uongo imetoa fedha zake yenyewe, si za mteja. Haina ruhusa ya kuzikata katika hesabu yake.

Nasi twaona kwamba sheria hii ni ya haki, kwa sababu tatu. Ya kwanza, benki ndiyo iliyomchagua karani, ikampa kiti na muhuri na ufunguo wa daftari, mzee hakuulizwa. Ya pili, benki pekee ndiyo iwezayo kumzuia, kwa kumtaka karani wa pili aangalie kazi ya wa kwanza, na kwa kumlazimisha kila mmoja kwenda likizo ili mwingine akae mahali pake. Hila nyingi hufichuka wakati mwenyewe yuko likizoni. Ya tatu, benki yaweza kujiwekea bima ya wizi wa watumishi wake na kuigawanya hasara katika mapato ya miaka mingi. Mjane hana miaka mingi, wala hakuna auzaye bima ya kitabu kimoja cha akiba.

Kwa hiyo benki imwambiapo mzee, "Karani yule tumekwisha kumfukuza, nenda ukamshtaki mwenyewe," haijamjibu. Jibu lililo sawa ni kumrudishia mzee fedha zake, kisha benki na karani wake wapelekane mahakamani.

Lakini, ndugu zetu, tusidhani kwamba benki hulipa kila mara karani wake aibapo. Dhamana hii ina mpaka, na mpaka wenyewe wapita katikati ya maisha yetu. Twaomba mtusikilize sana hapa.

Kule Bara Hindi, katika mji wa Allahabad, Bibi Shyama Devi alikuwa na hesabu ya akiba katika Imperial Bank of India, ambayo mwaka 1955 ilipata kuwa State Bank of India. Mumewe alikuwa na rafiki, jirani yao, aliyekuwa mtumishi wa benki hiyo hiyo. Badala ya kwenda dirishani, bibi alimkabidhi rafiki yule fedha na hundi amwekee. Rafiki akazila, akaandika tarakimu za uongo katika kitabu cha akiba, na kitabu kikarudi nyumbani kikionekana kizuri. Bibi akaishtaki benki. Mwaka 1978 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaamua kwamba benki hailipi. Mtu yule alikuwa mtumishi wa benki kweli, lakini hakupewa fedha zile kwa kuwa ni mtumishi wa benki. Alipewa kwa kuwa ni rafiki. Wala kuzipokea hakukuwa kazi aliyowekwa kuifanya. Kwa hiyo aliiba akiwa rafiki, na rafiki hana tajiri wa kumlipia.

Hukumu ya India si amri kwa mahakama zetu, lakini imejengwa juu ya mzizi ule ule wa sheria. Basi tuziweke hukumu hizi mbili pamoja. Bibi Lloyd aliingia ofisini akaonana na karani akiwa kazini: alilipwa. Bibi Shyama Devi alimpa karani fedha kwa urafiki, nje ya kazi yake: hakulipwa. Wote wawili waliibiwa na karani, na wote wawili walikuwa wakweli. Kilichowatenga ni dirisha la benki.

Sasa, je, wazee wetu hutumia njia ipi? Sote twajua. Mzee hamwendei mgeni dirishani ilhali mtoto wa dada yake, au kijana wa kanisani au msikitini kwake, afanya kazi katika benki hiyo. Humngoja jioni barazani, akampa kitabu na fedha zilizofungwa katika leso, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, akasema, "Mwanangu, mimi miguu hainiwezi, niwekee." Naye karani, kwa heshima, hupokea. Desturi hii ni ya upendo, na asilimia ya makarani wenye kuidhulumu hatuijui wala hatutaki kuikisia. Lakini hata mikononi mwa karani mwaminifu, mzee yule amekwisha kutolewa chini ya mwavuli wa sheria bila kujua. Karani akinyang'anywa njiani, au akifa usiku ule, au akishindwa na tamaa, mzee hana stakabadhi wala shahidi, na benki itasema kwa haki kwamba haikupokea kitu. Wema wetu wenyewe ndio unaomvua ngao.

Liko jambo la pili liwezalo kumpotezea mzee haki yake, nalo ni kunyamaza. Bwana mmoja wa Uingereza, jina lake Greenwood, aligundua kwamba mkewe ameghushi sahihi yake katika hundi za Martins Bank na kutoa fedha. Kwa maombi ya mkewe alinyamaza miezi kadhaa, asiiambie benki. Mkewe alipokwisha kufariki, aliidai benki fedha zile. Mwaka 1932 Baraza la Lords likamkatalia. Alikuwa na wajibu wa kuiambia benki mara alipojua, na kimya chake kiliipotezea benki nafasi ya kudai fedha hizo kwa aliyezichukua.

Walakini mtu asije akageuza hukumu hii kuwa fimbo ya kumpigia mzee asiyejua. Mwaka 1985 Baraza la Rufani la Malkia, lililoketi London, liliamua shauri la Tai Hing Cotton Mill lililotoka Hong Kong. Karani wa kampuni hiyo alikuwa ameghushi hundi zipatazo 300 kwa miaka kadhaa, na benki zikalalamika kwamba kampuni ingalizisoma taarifa za hesabu zilizopelekwa kwake ingalijua mapema. Baraza likajibu kwamba sheria haimlazimishi mteja kuzichungua taarifa hizo ili kuilinda benki. Basi mambo ni mawili, yasichanganywe. Asiyejua halaumiwi kwa kutojua, isipokuwa amekubali hivyo katika mkataba wake na benki. Lakini aliyekwisha kujua akanyamaza, kimya chake chaweza kumgharimu.

Na kwa nini mzee hunyamaza? Kwa sababu mwizi ni wa nyumbani. Ukoo hukaa usiku, wakasema, "Tusimfunge mtoto, tusiaibike, atalipa kidogo kidogo." Mwezi wa kwanza hulipa kidogo, mwezi wa pili huleta udhuru, mwezi wa tatu amehamishwa wilaya nyingine. Mzee akienda benki baada ya mwaka, huulizwa, "Ulijua lini?" Hapo huruma ya ukoo imemlinda kijana na kumwua mzee. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tusemeje basi juu yetu sisi wenyewe? Sheria imeitaja kazi yetu kwa jina. Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 3; lakini kifungu cha 281, kihusucho makarani na watumishi wanaoiba mali ya tajiri wao au mali waliyoipokea kwa niaba yake, chafikisha miaka 7. Tanzania nayo ina kifungu chake maalum cha wizi wa makarani na watumishi. Wengine huona hii kuwa dharau kwa makarani. Sisi twaiona kuwa kipimo cha imani tuliyopewa: mpita njia hana cha kusaliti, karani anacho. Wazee waliounda Chama cha Watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele yao, walitaka karani Mwafrika aheshimiwe. Heshima hiyo haidaiwi kwa barua tu. Karani mmoja alapo fedha za mjane, kila mjane wa wilaya ile humtazama kila karani kwa jicho jingine.

Kwa hayo yote, twaleta mbele ya mkutano mashauri matatu, myajadili na kuyakubali au kuyakataa.

La kwanza, kwa benki. Chama kiziandikie benki za hapa kuziomba kwamba mteja asiyesoma, au asiyeona vizuri, asitie dole katika karatasi yoyote kabla karani wa pili hajamsomea kwa lugha aijuayo, na jina la karani huyo liandikwe katika karatasi ile ile. Namba ya simu ya mteja mzee isibadilishwe ila mwenyewe awepo. Na yakithibitika kwamba karani wa benki ameiba akiwa kazini, mzee alipwe kwanza, bila kungoja mwisho wa kesi ya jinai.

La pili, kwa sisi makarani. Kila mwanachama akatae kupokea fedha, kitabu, kadi au namba ya siri ya mzee nje ya dirisha la kazi, hata kama mzee huyo ni mama yake mzazi. Tujue kwamba kukataa huku kutaumiza, na wengine watasema kwamba mtoto wa fulani amekuwa na kiburi tangu avae tai. Tuwaeleze kwa upole sababu yake. Mzee asiyejiweza kwa miguu tumsindikize mpaka dirishani, tumshike mkono, tusimame nyuma yake. Lakini fedha zitoke mkononi mwake ziingie mkononi mwa benki, na stakabadhi irudi mkononi mwake. Tuwasomee wazee vitabu vyao. Tusiwabebee fedha zao.

La tatu, kwa wazee. Kila tawi liweke siku moja katika mwezi, na makarani wawili, wala si mmoja, wakae mahali pa wazi kuwasomea wazee vitabu vyao vya akiba na taarifa zao, bila malipo. Ikionekana tarakimu isiyoeleweka, mzee aandikiwe barua ya kuipeleka benki siku ile ile, na nakala yake yenye tarehe ibaki mkononi mwake. Barua hiyo ndiyo itakayomjibia siku atakapoulizwa, "Ulijua lini?"

Bwana Rais, hatukusema haya ili kuwatia hatiani walio katika benki, kwani wengi wao ni waaminifu, na baadhi yao wamo katika mkutano huu. Twajua pia kwamba shauri la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa kuwa kuiandikia benki barua ni rahisi kuliko kumrudishia mama leso yake jioni na kumwambia, "Kesho twende pamoja." Twauomba mkutano ulianze hilo kwanza.